Ampli Tatu na Chozi la Miza

Wivu wa Hamood, muuza masufuria wa Kwartie Aziatike, mtaa wa Waasia pale Bujumbura, haukuwa wivu wa watu wa kawaida. Mtu akimwonea wivu mwenzake, utakuta ni kwa gari, kwa nyumba, au kwa shemeji fulani anayevaa vizuri kupita kiasi. Hamood alimwonea mwanamume mmoja wivu kwa ajili ya machozi. Machozi yenyewe yalikuwa ya Miza, mke wake wa ndoa na mama wa mtoto wao Nura, lakini yalimwagikia nyumbani kwa mtu mwingine, mbele ya spika za mtu mwingine. Miza angefumaniwa na barua za mapenzi, Hamood angejua la kufanya. Kwa hili hata shehe hana fatuwa.

Tuanze na mtu mwenyewe. Duka alirithi kwa baba, na baba alirithi kwa babu aliyetoka Omani na meno yote na kufa Bujumbura bila hata moja. Masufuria hayakumfurahisha Hamood hata siku moja. Furaha yake ilikuwa muziki, tena si muziki kama tunavyousikiliza wewe na mimi, redio dirishani na mguu unajitikisa. Hamood alisikiliza kama daktari anayempima mgonjwa asiyempenda.

Sebuleni kwake kulikuwa na ampli tatu, zile mashine za kukuza sauti. Mtu wa kawaida ana ampli moja, nayo inabeba kila kitu, besi, sauti ya kati, na vile vijisauti vyembamba vya juu, kama punda wa sokoni. Hamood aliuona huo ni ukatili. Kwake muziki uligawanywa kwanza ndani ya kisanduku kidogo, kisha kila fungu likapata ampli yake na spika yake. Spika za besi zilikaa ndani ya makabati mawili marefu aliyoyachongesha kwa milango ya ghala la babu, mbao nzito ambazo hata mchwa walikuwa wamezikatia tamaa.

"Ni kama bwana mwenye wake watatu," alipenda kuwaeleza wageni. "Kila mmoja na jiko lake. Ukiwaweka jiko moja, ni vita."

Miza alikuwa hodari wa kuingia na sinia la kahawa pale pale kwenye mfano huo, na kulitua mezani kwa kishindo kilichohitaji ampli ya nne.

Ilikuwa miaka ya embago. Majirani zetu walikuwa wametufungia mipaka, petroli ilikuja kwa vidumu kutoka mahali ambapo haikufaa kuuliza, umeme wa mji ulikuja ukijisikia, na jua likizama kila mtu awe kwake kwa amri ya serikali. Milimani mizinga ilizungumza. Wengine wakiisikia walijitupa chini ya kitanda. Hamood alikunja uso tu.

"Besi hiyo haijafungwa vizuri," alisema. "Inavuma ovyo."

Basi akaja Fortunat Mirindi. Alivuka kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na mkewe Pascaline na sanduku moja, na ndani ya sanduku hamkuwa na shati hata moja. Mlikuwa na transfoma, mabunda ya waya, na kisanduku cheusi alichokipakata mpakani kama mtoto mwenye homa. Huko kwao alikuwa fundi wa redio, yaani redio nzima, yenye mnara na watangazaji, na hakukubali mtu asahau. Wakapanga nyumba ya uani mtaa wa Kinanira. Pascaline akashona magauni. Mirindi akatengeneza redio za watu huku akiwaeleza wenyewe kwamba redio zao hazistahili mikono yake.

Miza alikwenda kwa Pascaline kupimwa gauni la harusi ya binamu yake. Alirudi macho mekundu.

"Nani amekufa?" Hamood akauliza.

"Hakufa mutu."

"Sasa unalia nini?"

"Nililia zamani, huko. Sasa nimemaliza." Akavua viatu. "Bwana yake Pascaline aliweka muziki."

Hamood akakaa chini. Miaka kumi na minne ya ndoa alikuwa amemkalisha mwanamke huyu katikati ya spika zake, amemchezea udi, fidla, kasida, hata wale wanawake wa Kairo wanaolia wimbo mzima ili msikilizaji asipate shida ya kulia mwenyewe. Miza alikuwa akisema, "Vizuri," kisha anauliza kama wali umeiva.

"Ana ampli ngapi?" akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza umri wa mpenzi wa mkewe.

"Mi najua wapi? Nilikuwa nimeinua mikono, napimwa kwapa."

"Wimbo gani?"

"Siukumbuki."

Siukumbuki! Kama angeutaja wimbo, Hamood angeulaumu wimbo. Kama angemsifu mwimbaji, angemchukia mwimbaji, na jambo likaisha kistaarabu. Lakini kusahau wimbo na kukumbuka kulia, hiyo maana yake mtambo ndio uliolia naye.

Kuanzia siku hiyo sufuria zilijiuza zenyewe. Hamood aliongeza ampli ya nne, ya besi ya chini kabisa, ile isiyosikika ila inatikisa kope. Akamkalisha Miza. Miza akasema kikombe kinatembea mezani. Akamwandikia binamu yake Muadh aliyekuwa Dubai amletee konvertisa, kile kisanduku kinachozichukua namba zilizomo ndani ya sidii na kuzigeuza kuwa sauti, maana alikuwa amesikia kwamba kisanduku cheusi cha Mirindi ndiyo kazi yake. Konvertisa ikafika imefichwa ndani ya katoni la tende, kwa ndege, kupitia miji ambayo hata wanajiografia huisahau. Hamood akaiwasha, akamkalisha Miza.

"Vipi?"

"Tende zilikuwa tamu."

Alianza kuuota uso wa Mirindi. Akipita mtu sokoni anayepiga mluzi, alidhani ametoka Kinanira. Pascaline alipotuma habari kwamba gauni linahitaji kupimwa tena kiunoni, Hamood alisema kiuno cha mkewe hakijabadilika, yeye ni shahidi. Miza alikwenda. Akarudi macho mekundu.

"Tena?"

"Kidogo tu."

Kidogo tu! Mtu mwenye wivu huwezi kumpa neno kama hilo. Atalitafuna wiki nzima.

Kilichomsumbua zaidi ni mvumo. Spika zake, hata bila wimbo, zilikuwa na mvumo mdogo, mmm, kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Alijua unatoka wapi. Umeme wa mji ulikuwa mchafu. Ulipanda, ulishuka, ulikuja na kelele za kila mashine ya kusaga iliyokuwa njiani. Kwa hiyo Hamood akafanya jambo ambalo ni Hamood tu angelifanya. Alinunua jenereta ili apate umeme wake mwenyewe, safi, usiopita kwa watu, na akaifunga chini ya dirisha la sebule ili waya uwe mfupi. Ikanguruma kama lori lililokwama kwenye matope. Alifunga dirisha, akafunga na mapazia, akamkalisha mkewe ndani ya joto hilo, akapaza sauti: "Sasa je, unasikia ulivyo safi?"

"Unasema?" Miza akapaza yake.

"Umeme! Ni safi!"

Hapo ndipo Miza aliposimama, akatoka nje, akaizima jenereta kwa mkono wake, akarudi na kusema yale ambayo angeyasema mapema kama angeulizwa swali badala ya kuchunguzwa kope.

"Baba Nura, sikia. Kule hakuna kitu. Bwana yake Pascaline anaweka sidii, anabonyeza, halafu kabla ya wimbo hakuna kitu. Hakuna nzi. Hakuna jenereta. Hata mizinga siku hiyo ilikuwa imenyamaza. Mi sijasikia hivyo tangu vita ianze. Nikalia. Wimbo ulipoanza nilikuwa nimeshalia."

Hamood akaketi kwenye kiti alichokiacha Miza. Ungefikiri ameguswa. Aliguswa, lakini na kitu kingine.

"Anatumia betri," akasema polepole. "Mshenzi yule. Betri za gari!"

Ilikuwa kweli. Mirindi alikuwa hagusi umeme wa mji. Aliupa kazi ya kuchaji betri tu, kisha akauchomoa, na ampli zake zikanywa kwenye betri kama watoto wa kiungwana wanaokunywa maji yaliyochemshwa. Pijo, gari la Hamood, ilikuwa imesimama uani kwa kukosa petroli. Betri yake haikuwa na kazi, na ya lori la duka vilevile. Lakini ampli za Hamood zilikuwa zimezaliwa na kulelewa kwenye umeme wa ukutani. Ili zikubali betri ilibidi zifunguliwe tumbo na kubadilishwa ndani, na katika mji mzima mkono unaoijua kazi hiyo ulikuwa mmoja.

Siku tatu Hamood alijibishana na kiburi chake. Siku ya nne akaenda Kinanira.

"Patroni!" Mirindi akampokea mlangoni. "Nilikuwa nakungojea. Mama Nura aliniambia habari ya mvumo."

Alimwambia! Hamood akaimeza habari hiyo, na uchungu wake wote wa shubiri.

"Unaweza kuzibadilisha?"

"Mimi? Nimebadilisha mitambo ya redio, papa, kijiji kizima kikisubiri habari. Hivi vyako ni vikaango." Akatabasamu. "Tutafanya hivi: sitaki kitu. Ila siku ya kuwasha, mi nitakuwa pale. Nataka kusikia makabati yale. Watu wanayasema."

Unaweza kuliona tatizo. Ili apate chozi la mkewe, ilimbidi amwalike kwenye shughuli hiyo yule yule aliyelipata kabla yake.

Mirindi alikuja kila mchana akiwa na chuma cha kulehemu. Aliitoa ampli ya nne kwa vidole viwili, akaiweka barazani. "Hii ni ya kutishia wageni," akasema. Akazivua zile tatu transfoma zao, akafunga konvertisa kwenye betri yake peke yake ili isigombane na wenzake. Miza akileta chai, Mirindi alishukuru, na Hamood alihesabu maneno ya shukrani. Yalikuwa mengi mno kwa chai isiyo na iliki.

Ikafika alasiri ya Jumapili. Umeme ukachomolewa. Miza akakalishwa kwenye kiti cha katikati. Mirindi akakaa nyuma, karibu na mlango, kofia mapajani. Hamood hakukaa. Alipiga magoti mbele ya mkewe, shubiri moja kutoka usoni pake, na tochi mkononi.

"Tochi ya nini?" Miza akauliza.

"Nisije nikakosa kuliona."

Akabonyeza.

Kukawa hakuna kitu. Nzi alikuwa ametoka kwenye chupa. Mtu angeweza kusikia mbao za babu zikipoa. Kisha udi ukaanza, kidole kwenye uzi, halafu besi ikaja kutoka chini kabisa, pana, bila haraka, kama mtu mzima anayeingia chumbani na kila mtu anampisha. Hamood aliimulika kope ya kulia. Kavu. Akaimulika ya kushoto. Kavu kama dengu.

Nyuma, mtu akavuta kamasi.

Alikuwa Mirindi. Machozi yalikuwa yanamshuka hadharani, bila aibu, yanaingia kwenye masharubu.

"Besi hii," akasema. "Papa, yangu haiifikii besi hii. Nimeona hivyo toka wimbo ulipoingia. Usiku nitalala namna gani mimi? Nitajua iko hapa, na siyo kwangu."

Haya, hapo ungedhani Hamood atacheza ngoma. Mtu aliyemkosesha usingizi miezi na miezi amekaa sebuleni kwake analia kwa wivu! Na kweli kifua kilimpanuka, kikafika mahali pazuri sana. Kikakaa hapo muda wa Miza kuinuka, kumpita yeye na tochi yake, na kumpa Mirindi ncha ya leso yake ajifute.

"Pole, kaka," akamwambia. Pole hiyo ilikuwa laini. Hamood hakuwahi kupewa laini namna hiyo, hata alipong'olewa jino.

"Na wewe je?" akamuuliza mkewe, bado amepiga magoti. "Wewe hukusikia kitu?"

"Nisikie saa ngapi? Unanimulika kama mwizi! Mi nilikuwa nakutazama we unavyonitazama." Akauchukua mkono wa tochi, akamsimamisha. "Toka."

"Nitoke wapi?"

"Nje. Wote wawili. Naomba nisikilize peke yangu."

"Sebuleni kwangu?"

"Toka, Hamood."

Ndivyo wanaume wawili walivyojikuta barazani, wamekaa juu ya ampli ya nne, sikio la kila mmoja likiwa upande wake wa mlango. Ndani, udi ulianza upya. Uliisha. Ukanyamaza muda mrefu. Ukaanza tena. Hamood, aliyekuwa amemwonea wivu mtu wa Kinanira mpaka akakonda, sasa aliyaonea wivu makabati yake mwenyewe, milango ya babu, betri ya Pijo, vyote vilivyokuwa ndani na mkewe huku yeye akiwa nje.

"Unasikia analia?" akanong'ona.

"Mi nasikia besi," Mirindi akajibu kwa uchungu.

Adhana ya magharibi ikalia msikitini. Mirindi akaruka, jua limezama na Kinanira ni mbali na amri haina mchezo. Akavaa kofia, akakimbia bila kuaga.

Mlango ukafunguliwa. Miza alitoka, mikono imekunjwa mpaka viwiko, uso wote umelowa, maji yanamchuruzika kidevuni hadi shingoni.

Hamood aliinua tochi. "Umelia?"

"Nimetia udhu," Miza akasema. "Na wewe nenda katie, wakati unapita." Akampita kwenda kutandika msala, na Hamood akabaki pale mlangoni anaumulika mgongo wake, hajui.