Kunawa Kabla ya Kuingia

Mama Adolphine Mushiya hakuachiwa kitu na marehemu mumewe ila ile nyumba ya matofali ya Dilala, moja ya nyumba ambazo zamani kampuni ya migodi iliwajengea wafanyakazi wake. Aliijua kama mama anavyomjua mtoto mgonjwa. Ufa wa juu ya mlango ulikuwa wa siku nyingi, wa jikoni uliletwa na mvua. Alichoogopa ni ufa mpya.

Na hakuogopa bure. Barabara ya nyuma, mpangaji mmoja alichimba chini ya kitanda chake akitafuta madini ya kobalti, mpaka ukuta ukazama ardhini. Tangu hapo jirani yake Huguette hakuacha kumkumbusha kwamba hapa Kolwezi mtu hujifungia chumbani kwa sababu mbili tu, na mpangaji wa chumba cha Mama hana mke.

Mpangaji mwenyewe, Hénock Kalumba, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mpole, mwenye salamu. Upole huo nao ulianza kumtia shaka Mama Adolphine. Kila Jumamosi mchana Hénock alifunga pazia, na wageni walishuka kwenye pikipiki wamekumbatia mifuko kifuani. Ndani walinong'ona, wakabishana bei: mbili kwa moja, hapana, tatu. Mama alikagua viatu vya Hénock vilivyoachwa mlangoni. Havikuwa na udongo. Basi anavipangusa, akawaza. Akamwaga maji kando ya ukuta aone kama ardhi itayameza upesi. Yalituama tu, lakini hata hilo halikumtuliza.

Jumamosi moja alikaa uani akichambua maharagwe, macho kwenye bomba. Akaja Tata Nkongolo, mzee wa miwani, akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akajipangusa kwa leso, kisha akaingia kwa Hénock.

Mikono ya Mama ikasimama juu ya ungo. Wachimbaji hunawa wakitoka. Huyu amenawa akiingia. Ni kazi gani hiyo inayotaka mikono safi? Akafikiria noti bandia, akafikiria uchawi, na kila wazo lilikuwa baya kuliko lililotangulia. Akaweka ungo chini, akaenda kugonga.

"Fungua, Hénock. Kama ni mushimo, leo unatoka kwa nyumba yangu."

Mlango ulifunguliwa. Mama hakumtazama mtu. Alipiga magoti, akafunua mkeka, akagonga saruji kwa vidole. Ilikuwa nzima.

"Munyanyue kitanda."

Wanaume wawili wakakinyanyua taratibu kama watu waliobeba maiti.

"Polepole, mama," Tata Nkongolo akasihi, "banaanguka."

Chini ya kitanda kulikuwa na saruji na soksi moja. Ndipo Mama alipoinuka akaona hao wanaoogopewa kuanguka. Juu ya shuka jeupe zilipangwa picha ndogo za wachezaji wa mpira, zile zilizokuwa zikitoka ndani ya pakiti za chingamu zamani. Hénock, kwa aibu, alieleza kwamba baba yake alimwachia tatu, naye akaanza kuwatafuta wenzao, na kwamba kidole chenye jasho huharibu sura ya mtu.

"Batu bazima," Mama akasema, "na bitu bya batoto."

Lakini hakuondoka. Wachezaji walipangwa kama uwanjani, washambuliaji mbele, mabeki nyuma. Nyuma ya mabeki, shuka tupu.

"Na huku kwa goli?"

"Kipa njo anakosa, mama. Kuko mutu wa kule Mutshatsha, anasema iko naye."

"Ulimuona naye?"

"Anasema tu."

"Basi anakudanganya."

Hénock alibaki na chumba, kwa sharti moja: kila Jumamosi mwenye nyumba aje kukagua sakafu. Mama anatimiza. Anatupa jicho moja chini ya kitanda, kisha anavuta kiti na kuuliza habari za yule wa Mutshatsha. Mara hii mtu huyo amesema kwamba treni imemchelewesha. Mama hakuamini neno.

Kwa upande wa pili wa ua, Huguette ameacha kuanika nguo. Amemwona Mama Adolphine akinawa bombani kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko, akaingia kwa mpangaji wake na kufunga mlango.