Nusu Mshahara, Uzee Mzima

Katika miaka ya thelathini bei ya karafuu ilipoporomoka, tajiri wetu hakutufukuza kazi. Angetufukuza ningeelewa. Alituita sisi wapima karafuu wa ghala lake la Chake Chake, akatwambia tukae nyumbani mpaka soko litengemae, naye atatulipa nusu mshahara. Kulipwa huku nimejinyoosha barazani kwangu mtaani Madungu kulinitia haya, hata sokoni nikipita upesi upesi.

Lakini kilichonivuruga kichwa hasa kilikuwa akiba ya uzeeni. Kila mwezi tulikatwa kidogo, tajiri akitia kiasi kile kile juu yake, na zote tungepewa siku ya kustaafu. Wenzangu hawakuijali, walikuwa na mikarafuu ya urithi na watoto tele. Mimi na mke wangu hatukujaaliwa mtoto wala mti. Akiba ile ndiyo ingetulisha tukiishiwa nguvu.

Mwezi wa kwanza niliona makato yamepungua nusu. Nikafurahi kukatwa kidogo, nikamhadithia mke wangu. Alikuwa akisuka ukili wa mkeka, wala mkono hakuusimamisha.

"Na tajiri katia ngapi?"

"Nusu vilevile."

"Basi, bwana, uzee nao utatujia nusu?"

Nilikasirika, na nikamkasirikia yeye kwa kuwa tajiri hakuwepo. Mshahara nusu niliuelewa, maana sikuwa nikifanya kazi. Lakini uzee wangu ulikuwa ukiendelea kama kawaida, hata nikiwa nimelala.

Siku chache baadaye aliuza mikeka yake, akanitia fedha mkononi. "Nenda ukaijazie ile nusu yetu. Tajiri akiona siye tumetia kamili, naye atatia kamili."

Niliona hiyo ni akili kubwa. Nikavaa kanzu safi, nikaenda.

Karani mkuu, mtu mpole, alinisikiliza mpaka mwisho. "Makato yanafuata mshahara, bwana. Na anachotia tajiri kinafuata makato. Fedha ya mikeka si mshahara."

"Lakini nnaitoa kwa hiari yangu."

"Nnafahamu. Haipokeleki. Ukitaka, nnaweza kuyasimamisha makato kabisa, upate cha kula sasa."

Alinieleza mara ya pili, na ya tatu. Akisema naelewa, nikifika mlangoni sielewi tena. Mtu anataka kutia zaidi, anaambiwa atie kidogo au asitie kabisa. Mwisho nilimwambia ayaache yalivyo, kwa sababu angalau tajiri angeendelea kutia nusu yake.

Mke wangu alizipokea fedha zake, akaenda kununua muhogo. "Haya, tutakuwa wazee wa kula kidogo," alisema aliporudi. Tukacheka, ingawa mimi nilikuwa naogopa kweli.

Kazi ilirudi, mshahara ukarudi kamili, lakini pengo la miezi ile halikuzibwa. Kwa miaka mingi tulikuwa tukipiga hesabu ya uzee wetu jikoni, mchele kiasi gani, mafuta ya taa kiasi gani, na kila mara fedha za akiba zilitupungukia.

Nilistaafu mwishoni mwa miaka ya arubaini. Karani mpya alinihesabia akiba yangu, akaniomba radhi kwamba ingekuwa kubwa zaidi lau si ile nusu mshahara. Nikamwambia asijali, zinatosha. Mke wangu nilikuwa nimemzika mwaka uliotangulia, na hesabu yetu ilikuwa ya watu wawili.