Dishi Tuliloelekeza Kibla

Nianze na nililolifanya mimi, maana bila hilo hapangelikuwa na dishi. Mwaka ule mama alikuwa aende Hija. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kikundi cha hapa Msambweni, pamoja na la shoga yake, jirani yetu wa ua kwa ua, ambaye wamesuka ukili wa mikeka pamoja tangu wakiwa wari. Pasipoti ilikuwa imetoka na nguo nyeupe zimeshonwa. Kisha daktari akamsikiliza moyo, akanivuta kando, akaniambia moyo umechoka, na kule kuna jua, kuna kutembea, kuna kusukumana. Hakumkataza. Alisema tu, "Amueni wenyewe nyumbani." Nyumbani nani? Mtoto ni mimi peke yangu. Siku ile ile nikaenda kwa kiongozi wa kikundi nikalitoa jina la mama.

Nilipomweleza, nilijiweka tayari kugombezwa. Mimi ni mtu wa kelele, napika hotelini Diani, na jikoni kwetu asiyepaza sauti hasikiki. Kelele naziweza. Lakini mama alisema, "Sawa, mwanangu," akaendelea kusuka mkeka wake. Kesho yake nikamuuliza apikiwe nini. "Sawa." Nimletee samaki gani, changu au tafi? "Sawa." Wallahi, neno hilo lilinichoma kuliko tusi! Hakuninunia, hakunisusia chakula, salamu aliniitikia zote. Ila yule mama ninayemjua mimi, wa kunitania mbele ya wageni kwamba nawapikia Wazungu kwa sababu Waswahili wamenikataa, huyo hakuwepo. Nilitaka arudi. Nilitaka kujua kama amenisamehe, na kuuliza nikaogopa.

Wazo la dishi nililipata kwa mwenzangu wa dobi pale hotelini. Aliniambia kwa shemeji yake kuna stesheni inayoonyesha Msikiti wa Makka usiku na mchana, moja kwa moja, na hailipiwi. Simu nilikuwa nimeshaijaribu. Kioo kidogo, macho ya mama yamechoka, na kila watu wanaporukuu kile kiduara kinaanza kuzunguka, bando limekwisha. Televisheni nilikuwa nayo, mojawapo ya zile walizotuuzia hotelini walipobadilisha vyumba. Dishi la kulipia kila mwezi sikulitaka katu. Hebu fikiria, mtu yuko katikati ya kutazama tawafu, picha inakatwa kwa kuwa mshahara wangu umechelewa! Astaghfirullah. Nilitaka la bure, nilinunue mara moja, yaishe.

Nikaingia duka moja Ukunda. Muuzaji alikuwa mtu wa bara, wa makamo, mchangamfu, ulimi wake mtamu kweli kweli. "Mathe, chukua hii. Iko poa sana, inashika stesheni kibao." Dishi dogo la kijivu, ukubwa wake kama sinia la pilau la watu wanne, na dikoda juu yake. Nikamuuliza kama linashika za Waarabu. "Hao? Wamejaa huko!" Basi nikaridhika. Makosa ni yangu, sikumwambia ninachokitafuta hasa. Niliona haya kumweleza mtu nisiyemjua habari za mama yangu, na nilifikiri Mwarabu ni Mwarabu.

Dishi likafungwa nyumbani, nikawasha, na kweli Waarabu walikuwepo. Mmoja alikuwa akiuza mabirika. Mwingine alikuwa akisoma habari kwa hasira kama aliyeibiwa. Mama alikuwa ameshaoga, amejitanda kanga safi, ameketi juu ya mkeka kwa adabu zake zote. Nikabonyeza tena, akatokea bibi mmoja anaimba, mabega wazi, nywele zinapeperuka. Mama akamtazama yule bibi. Akanitazama mimi. "Sawa," akasema, akaondoka kwenda kuswali Adhuhuri.

Nilipandwa na mori siku ile, acha tu! Nusura nirudi Ukunda nikamtoe yule bwana dukani kwake kwa ukosi. Badala yake nikaenda kwa fundi anayetengeneza vipaza sauti vya msikiti wetu. Huyu ni mtu mzima, mpole, mwenye kusema pole pole mpaka unatamani kumsukuma maneno yatoke. Alikuja, akalizunguka dishi langu, akakohoa, akaomba maji, akanywa.

"Dishi hili ni zima," akasema hatimaye. "Ila si la kazi yako."

Akanieleza kwamba kila setilaiti ina mahali pake na mawimbi yake, na mawimbi ninayoyataka mimi hayashikwi na kidishi kidogo. Yanataka dishi kubwa, la futi sita na zaidi, na kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi kupokea mawimbi nacho kiwe cha aina yake, cha kwangu hakitafaa. Faida yake ni mvua. Dogo likiona wingu zito tu linazima, kubwa litavumilia masika.

"Na dikoda?"

"Dikoda uliyonayo inatosha. Usinunue nyingine kwa kuringishiwa vitufe." Kisha akakuna ndevu. "Sasa, kuna la bati zima na kuna la wavu. La wavu upepo unapita, halitang'oka. Halafu kuna la chuma na kuna la alumini. La chuma ni rahisi kidogo."

"Basi la chuma," nikasema, maana nilitaka aondoke nikalitafute.

"Chuma?"

Ilikuwa sauti ya mama. Alikuwa barazani na ukili wake, wala hakuinua kichwa. "Chuma, hapa? Bahari ile pale. Baiskeli ya marehemu babako ilimvunjikia mapajani kwa chumvi hii hii. Mwambie alumini, na nati zake azipake mafuta kabla hajazikaza."

Mimi na fundi tukatazamana. Yeye alifurahi kupata mteja anayejua mambo. Mimi nilitaka kumkumbatia fundi wa watu! Miezi miwili ya "sawa", na leo maneno yote hayo, tena ya kunipinga! Nikasema, "Alumini."

Dishi likatoka Mombasa vipande vipande, mbawa zake zimefungwa kwa kamba kama kuni. Kufikia hapo kikundi kilikuwa kimeshaondoka, shoga yake mama yuko Makka, na siku za Hija zimekaribia. Fundi naye akaitwa Kwale kwenye maziko, akaniambia nimngoje siku tatu. Ningoje siku tatu, mimi?

Siku hiyo mjomba alikuwa amekuja kutoka Matuga kumtazama dada yake. Mjomba ni karani mstaafu, na hakuna jambo asilolijua. Tuliunga zile mbawa kwa nati, tukapaka mafuta kama tulivyoagizwa, tukachomeka nguzo. Likabaki swali la kulielekeza wapi.

"Swali gani hilo?" mjomba akasema. "Unataka kuona wapi?"

"Makka."

"Na Makka iko wapi?"

"Kibla."

"Basi umejijibu."

Jamani, iliniingia akilini sawasawa! Mjomba akatoa mswala ndani, akautandika uani kuelekea kibla, akaunyoosha pembe zake, na dishi tukalipanga sambamba na mswala. Lilisimama wima, uso kaskazini, kama imamu anayesubiri safu zinyooke. Nikawasha televisheni. Hakuna mawimbi. Tukalisogeza kidole kimoja kulia. Hakuna. Kushoto. Hakuna. Majirani wakaanza kuja, kila mmoja na ushauri wake, na jirani mmoja akauliza kwa dhati kabisa kama tulikuwa na udhu tulipolifunga. Mjomba akafikiri kidogo, akaenda kutawadha.

Nikageuka kumtazama mama. Alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya kanga na mabega yanamtetemeka. Nikadhani analia. Kumbe mama anacheka, anacheka mpaka ukili umemwanguka.

Fundi aliporudi alisimama mlangoni mwa ua, akalitazama dishi.

"Nani kaliswalisha hili?" akauliza.

Mjomba akamweleza hesabu yake kwa ufasaha. Fundi akasikiliza mpaka mwisho, ndiyo heshima yake. "Mjomba, setilaiti haiko Makka," akasema. "Picha inatoka Makka inapanda mpaka iliko setilaiti, huko juu, magharibi yetu, karibu na utosini. Kutoka huko ndiyo inatushukia."

"Yaani Makka tuione kwa kuipa bega?"

"Wewe ukiswali elekea kibla. Hili dishi halina sala."

Akalilaza dishi likatazama juu, akaliinamisha kidogo upande wa magharibi, akatuamuru tukate makuti mawili ya mnazi yaliyokuwa yakikinga. Mjomba akasema lile alikuwa akilijua tangu mwanzo, alikuwa akipima tu.

Picha ilikuja baada ya Alasiri. Kwanza mistari, kisha weupe wa marumaru, kisha Al-Kaaba yenyewe, na watu wanazunguka, wanazunguka. Mama alikuwa ameshavua kandambili na kuingia bila kuitwa. Hakusema "sawa". Alileta takbira kwa sauti ndogo, akakaa, na mwadhini wa kule alipoadhini Magharibi mama akamwitikia neno kwa neno. Mimi nilikwenda jikoni kwa furaha isiyo na kiasi, nikaunguza mchuzi wa nazi, mimi mpishi wa miaka yote hii!

Tangu hapo nyumba yetu ilihamia Makka. Mama alijua milango ya Haram kwa majina, alijua ni imamu gani anasoma kwa huzuni na nani anasoma kwa haraka. Alikuwa akimtafuta shoga yake. "Yule pale! Yule anayetembea kama bata!" Nami nikimwambia, "Mama, wote wamevaa sawa, na wote wamechoka." Akinijibu nirudi kwenye sufuria zangu, Wazungu wanangoja. Utani ulikuwa umerudi. Nilikuwa nikitoka kazini mbio mbio nije nitukanwe.

Ila la Hija yake hakulitaja hata siku moja. Siku ya Arafa alifunga saumu, akakaa mbele ya televisheni tangu asubuhi, mikono wazi, midomo inakwenda. Nilikaa nyuma yake. Mara tatu nilifungua mdomo nimuulize, "Mama, umeniwia radhi?" na mara tatu nikaufunga. Nilijiambia: anacheka, anakula, nataka nini tena? Lakini nilikuwa nataka.

Shoga yake akarudi salama, amekonda, sauti imemkauka, na maji ya zamzam na tende kwenye mfuko. Alikuja kwetu alfajiri ya siku ya pili, kabla hajapokea wageni wengi. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba, akaketi na mama mbele ya televisheni iliyokuwa ikiendelea na kazi yake. Akaanza kusimulia, na mama akaanza kumrekebisha. Mlango ule si wa upande ule. Siku ile mvua haikunyesha, yalikuwa manyunyu tu.

"Ala! Nani aliyekwenda, mimi au wewe?" shoga yake akasema. "Mimi Al-Kaaba niliiona kwa kuchungulia migongo ya watu. Wewe umeiona kitako, una chai mkononi!" Wakachekana mpaka wakashikana.

Nikaweka chai, nikageuka nitoke, shoga yake akanishika mkono.

"Na wewe, dua yako niliifikisha."

"Dua yangu? Mimi sikukutuma dua, mama."

"Alinituma mamako, siku niliyokuja kumuaga. Nilimuuliza nimwombee nini, miguu au moyo? Akasema, mimi niache. Ukisimama mbele ya ile nyumba, mwombee mwanangu. Amenizuia kwa mapenzi, na tangu siku hiyo hali akashiba wala halali akapumzika. Mwombe Mungu amtue mzigo."

Siku aliyokuja kumuaga! Dishi lilikuwa bado Mombasa. Nilimtazama mama. Alikuwa akitazama watu wanazunguka, kana kwamba anayezungumzwa ni mtu mwingine.

"Mama," nikasema, "kama ulikuwa umeshaniwia radhi, mbona miezi yote ile ulininyamazia? Unajua nilivyoteseka?"

Hakugeuka. "Nilinyamaza nisilie," akasema. "Ungeniona nalia ungelirudisha jina langu kwenye orodha, mimi nakujua. Nami nilikuwa najua moyo wangu hauwezi kufika."

Nikasimama pale pale katikati ya chumba, sinia mkononi, nikalia kwa sauti kama mtoto, na sikuona haya. Shoga yake naye akaanza kupangusa macho. Mama alituvumilia kidogo.

"Sogea basi, mama yangu," akaniambia, "unaniziba."