Nilimwona Daktari Akiondoka, Nikabaki Kwenye Gemu ya Magari

Mkosaji ni mimi, na ninaandika hapa kwa sababu nyumbani siwezi kulisema jambo hili. Ng'ombe wetu Kairu alikufa kwa sababu yangu, halafu nikamsingizia mtu mwingine.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu. Sina maneno mengi. Hata darasani nikiulizwa swali, jibu ninalo lakini mdomo haufunguki.

Kairu alizaa Ijumaa. Jumamosi asubuhi tukamkuta amelala, shingo ameikunja ubavuni, masikio baridi. Mama alijua ni ile homa ya maziwa. Ng'ombe akidungwa sindano mapema huinuka siku hiyo hiyo. Akicheleweshwa, basi.

"Kimbia Gatitu uite daktari ya ng'ombe," Mama akaniambia. "Na usisimame mahali."

Nilikimbia kweli mpaka madukani Gatitu. Nikakuta duka la daktari limefungwa. Mama wa duka la pili akasema, "Ngoja, ako karibu kurudi."

Mlango unaofuata ni chumba ambamo kijana mmoja hufundisha taipu kwa kompyuta, na wikendi wavulana huenda kucheza gemu ya magari. Nilikuwa nimewahi kuingia mara mbili tatu. Nikaingia tena, ati kungojea.

Katika ile gemu, gari likifika kwenye kona unalivuta mpaka linateleza upande upande bila kugonga ukuta. Mimi ninaweza. Sijui nilijulia wapi, lakini vidole vyangu vinaweza.

"Ebu oneni huyu dem," mmoja akasema. "Anateleza kama pikapu ya miraa kwa matope."

"Na wewe umechapwa na msichana," mwingine akamcheka. "Enda ukalime."

Sijawahi kusifiwa mbele ya watu. Wavulana wamesimama nyuma ya kiti changu, na kwa mara ya kwanza sioni haya.

Daktari alirudi. Nilimwona kupitia mlangoni, akachukua mkoba wake dukani, akafunga. Nikajiambia nimalize mzunguko huu mmoja. Nikasikia pikipiki yake ikiwaka, na vidole havikuacha. Nilipotoka, nikaambiwa ameenda Endarasha, mbali, na hatarudi mpaka jioni.

Nyumbani nikasema, "Amekataa kuja. Ati ako na kazi mingi."

Kairu alikufa saa nane mchana.

Jumapili, nje ya kanisa, Mama alimsimamisha daktari mbele ya watu. "Daktari, ng'ombe ya mjane si ng'ombe?"

"Mama, mimi sijaitwa kwako."

"Kwani huyu msichana wangu ni mwongo?"

Daktari akaniangalia. Nikaangalia chini. Akasema tu, "Pole, Mama," akaenda. Tangu siku hiyo majirani wetu hawamwiti tena.

Maziwa ya Kairu ndiyo yaliyonisomesha. Muhula huu sikurudi shule. Ndama ananyweshwa maziwa ya kuomba, na mbavu zake zinahesabika. Na Mama hanilaumu! Wageni wakija anawaambia, "Huyu alikimbia mpaka Gatitu, maskini," kisha ananipakulia chakula kwanza.

Wewe uliyetumwa, ukaingia mahali dakika mbili tu, toka sasa hivi. Na kama umeshadanganya, sema leo, kabla hawajaanza kukushukuru. Mimi nimeshukuriwa mara nyingi, na sioni tena pa kuanzia.