Sidonie Akataa Kusaini

Sidonie alifika Mbarara, Uganda, Jumanne moja ya Novemba 2014, saa tano za asubuhi, pamoja na mumewe Kalume, watoto wao wawili, mifuko minne, na kitambulisho cha plastiki kilichoning'inia shingoni mwake. Walikuwa wametoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale alfajiri. Mjini wangekaa siku mbili, halafu waende Entebe, wapande ndege, wabadilishe nyingine mbili, na mwishoni washuke katika mji wa Amerika ambao Kalume alikuwa amelifanyia mazoezi jina lake mwezi mzima na bado lilikuwa likimkwama mdomoni.

Kijana wa shirika lililowasafirisha, Sebagabo, aliwaambia wasivue kile kitambulisho hata wakienda chooni. Sidonie alikuwa na miaka arobaini na saba. Alikigeuza jina likaangalia kifua chake, akanyamaza.

Hakunyamaza kwa sababu hakuwa na la kusema. Alinyamaza kwa sababu Kalume alikuwa amemwomba. Miaka tisa walikuwa wamesubiri jina lao lisomwe kwenye ubao wa matangazo, na Kalume aliishi kwa hofu kwamba neno moja baya mbele ya mtu mwenye faili lingewarudisha shambani.

"Mama Prince," alikuwa amemwambia kwenye basi kwa Kiswahili chao cha Kongo, "siku hizi mbili tu. Bakisema kaa, tukae. Bakisema simama, tusimame."

Mchana huo waliketishwa katika ukumbi wa nyumba ya wageni, watu thelathini, wafundishwe maisha ya huko waendako. Mwalimu alikuwa binti mpole, mwenye sauti ya kuzungumza na watoto. Aliwaonyesha picha ya choo cha maji na kueleza kwamba mtu hukalia, hapandi juu. Akaonyesha picha ya friji. Akauliza ni nani kati yao hajawahi kuona friji, na kabla hajajibiwa akaanza kueleza kwamba mlango wake lazima ufungwe, baridi isitoke.

Kule Uvira, Kongo, kabla ya vita, Sidonie alikuwa muuguzi na mkunga kwa miaka kumi na mmoja, katika nyumba ya uzazi iliyokuwa mlimani juu ya ziwa. Huko kulikuwa na friji ya mafuta ya taa, na yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wake, kwa sababu ndani mlikuwa na chanjo za tarafa nzima. Aliisafisha bomba, aliikata utambi, aliandika joto lake asubuhi na jioni. Mwaka 1998 waasi walipoingia, alikimbia na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, na diploma yake ikabaki ndani ya sanduku ambalo hakuliona tena. Sasa binti huyu mpole alikuwa akimfundisha kufunga mlango wa friji.

Alimtazama Kalume. Kalume alikuwa akiitikia kwa kichwa kwa adabu, kama mtu anayejifunza.

Somo lilipoisha, Sebagabo aligawa karatasi, moja kwa kila mtu mzima. Ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili, na chini kulikuwa na mstari wa saini. "Ni habari zenu wenyewe," alisema. "Mkae nayo leo, msaini, kesho asubuhi mnirudishie." Kalume aliazima kalamu akasaini yake pale pale. Sidonie aliikunja yake akaitia kwenye mkoba.

Yeye Kifaransa alikisoma na kukiandika vizuri. Kiingereza hakukijua. Lakini alijua mtu wa kumsomea, na ndiyo maana aliomba ruhusa ya kulala kwa marafiki badala ya kulala pale. Ruhusa ilipatikana, kwa sharti warudi saa mbili asubuhi.

Marafiki hao walikuwa Jalia na mumewe Sulait, Waislamu wa mtaa wa Nyamityobora hapo mjini, wenye duka la vitenge na vyumba vitatu nyuma ya duka. Urafiki wao ulianzia sokoni. Jalia alizoea kupeleka vitenge vyake kwenye masoko ya Rugaaga na Nakivale, na siku moja ya mwaka 2003, akiwa na mimba ya miezi minane, uchungu ulimkamata pale Nakivale, katikati ya meza za nguo. Mvua ilikuwa imekata barabara, hakuna gari lililopita. Wanawake waliokuwa sokoni walikwenda kumwita yule mama Mkongo anayejua. Sidonie alikuja na tope la shambani miguuni, akanawa mpaka viwikoni, akafunga vitenge vinne kuwa ukuta. Mtoto alitoka na kitovu kimemzunguka shingo mara mbili, akiwa wa buluu, kimya. Sidonie alikifungua kwa vidole, akamsugua, akampulizia, mpaka akalia. Mtoto huyo, Nasimah, sasa alikuwa na miaka kumi na mmoja, yuko shule ya bweni. Tangu siku ile, Jalia hakuwahi kupita Nakivale bila kulala kwa Sidonie.

Alasiri hiyo walipokelewa kama wenyeji hasa wa nyumba. Pilau ilikuwa imepikwa, maziwa yalikuwa yamechemshwa kwenye sufuria kubwa, na Sulait alikuwa amefunga duka mapema. Watoto walijitupa mbele ya televisheni. Kalume alivua viatu, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri uso wake ulilegea.

"Mungu amewafungulia mlango," Sulait alisema akimimina chai. "Sisi hapa tunataka huko na hatupati. Nyinyi mko na bahati sana."

Alisema kwa upendo, na Sidonie alijua hivyo. Hata hivyo neno "bahati" lilikuwa limemchosha. Alikuwa amelisikia wiki nzima, kwa majirani, kwa mchungaji, kwa mwenye kuuza mkaa. Alinywa chai yake, kisha akatoa karatasi.

"Mama Nasimah," alimwambia Jalia, "nisomee hii. Yote, usiruke kitu."

Jalia alivaa miwani. Alisoma pole pole, akitafsiri kwa Kiswahili chake cha sokoni. Jina, sawa. Mahali pa kuzaliwa, sawa. Tarehe, sawa. Kisha akasita.

"Hapa wanasema kazi yako ni kulima."

"Na mbele?"

"Mbele wanasema..." Jalia aliinua macho. "Wanasema kusoma, hakuna. Hata shule ya primari, hakuna. Hapa kwa lugha wanaandika unasema Kiswahili tu, hujui kusoma, hujui kuandika."

Sidonie alimwomba arudie, naye akarudia. Maneno hayakubadilika.

Papo hapo alikumbuka siku ya mahojiano. Ilikuwa miaka sita nyuma, ndani ya hema, jua kali. Mkalimani alimuuliza anafanya nini. Alijibu kwamba analima maharagwe, kwa sababu asubuhi hiyo alikuwa ametoka kupalilia maharagwe. Akaulizwa kama ana cheti cha shule. Akasema kilipotea vitani. Mkalimani akasema kitu kwa Kiingereza, mzungu aliyekuwa naye akaandika, ikaisha.

"Mutu hakuniuliza nilikuwa nani," alisema. "Aliniuliza ninafanya nini. Miaka kumi na mmoja nilizalisha batu, kila mwezi ninaandika ripoti kwa Kifaransa. Nakivale pale batoto ngapi balipita mu hii mikono? Na bo banaandika sijui kusoma. Halafu banataka nisaini."

"Mama Prince," Kalume alisema, "weka saini. Ni karatasi tu. Tukifika, utabaeleza."

"Wewe ulisaini sababu yako inasema kweli. Wewe uko mulimaji."

Ilimchoma, na Kalume akainamisha kichwa. Sidonie alijuta kidogo, lakini hakuyarudisha maneno. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amekwenda kuomba kazi kwenye kila zahanati iliyofunguliwa, wakamwambia alete karatasi. Hakuwa nayo. Sasa karatasi ilikuwa imepatikana, na ilikuwa na uongo.

Kesho yake saa mbili asubuhi alikuwa mbele ya meza ya Sebagabo, amevaa kitenge ambacho Jalia alimpa cha safari. Jalia mwenyewe alikuwa kando yake. Kalume alibaki mlangoni na watoto.

Sidonie alieleza. Sebagabo alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililozidi kumkera Sidonie baadaye kila alipolikumbuka.

"Mama, nimekuelewa," alisema. "Lakini nikigusa hii, faili inarudi nyuma. Itaanza kuchunguzwa tena. Mwaka mmoja, labda miwili. Unataka hivyo?"

"Nataka iseme kweli."

"Hiyo kitu ni ndogo, mama. Huko hakuna mtu ataiangalia. Watu wetu wakifika wanapata kazi ya kufagia hoteli, ama ya kukata kuku kiwandani. Hakuna mtu atauliza kama ulikuwa nesi. Kwa hiyo usijichoshe."

Alisema akitabasamu, kama anayempunguzia mtu mzigo. Sidonie aliiweka karatasi mezani.

"Kwa hiyo mulishajua kazi yangu," alisema. "Mulijua mbele yangu. Kama niko mufagiaji, basi fasi ya shule muiandike hakuna, ili ilingane. Ni vile?"

"Mama, sijasema..."

"Umesema. Nimesikia. Miaka mingi munatuambia ngojeni, tunangoja. Munatuambia vaeni hii mu shingo, tunavaa. Jana mulinifundisha kukaa choo, nikanyamaza. Leo munataka niandike kwa mukono wangu kama mimi sijui kuandika. Sasa nikisaini, huo mukono umejua kuandika wapi?"

Watu waliopanga foleni kurudisha karatasi zao walikuwa wamekaribia. Jalia akaingilia, mikono kiunoni.

"Ssebo, bwana wangu, mimi ni Mganda, mimi si mkimbizi. Niandike mimi shahidi. Mtoto wangu alitoka kwa tumbo amekufa, huyu mama akamrudisha, kwa soko, bila taa, bila nini. Kama huyo ni mkulima, basi mimi sijui kitu daktari anafanya."

"Nnyabo, mama, wewe huhusiki na hii."

"Nahusika sana."

Sidonie aliichukua kalamu mezani. Kwenye nafasi nyeupe pembeni mwa mstari uliosema kwamba hajui kusoma, aliandika kwa Kifaransa, kwa mwandiko ule mdogo ulionyooka aliofundishwa na watawa: *Infirmière accoucheuse diplômée. Uvira, 1987–1998.* Muuguzi na mkunga mwenye diploma. Kisha akasaini chini ya maneno yake, si kwenye mstari.

Sebagabo aliitazama karatasi kama mtu aliyemwagiwa chai. Alisema imeharibika, haiwezi kusafiri hivyo. Akaenda kuchapisha nyingine. Sidonie aliipokea, akaandika yale yale, pale pale. Kijana akapandisha sauti. Akachapisha ya tatu, akaishikilia mkononi.

"Hii ukiiandika, basi linaondoka bila wewe."

Kalume alikuja kutoka mlangoni. Sidonie alijiandaa kubishana naye pia. Lakini Kalume hakumtazama yeye. Alimtazama Sebagabo, yeye Kalume ambaye kwa miaka kumi na mitano hakuwahi kumwinulia sauti karani yeyote.

"Kama bibi yangu anabaki, sisi bote bane tunabaki," alisema. "Na utaeleza wakubwa yako ni juu ya nini."

Kelele hizo ndizo zilizomtoa mkubwa wa Sebagabo chumbani mwake, mwanamke wa makamo kutoka Kampala. Aliichukua ile karatasi ya pili, akaisoma, akamgeukia Sidonie.

"Hatuwezi kubadilisha kilichomo kwenye kompyuta," alisema. "Lakini hakuna sheria inayomkataza mtu kuandika pembeni. Ibane kwenye faili, Sebagabo."

Hakuomba radhi, wala mtu mwingine hakuomba.

Basi liliondoka Alhamisi asubuhi. Jalia na Sulait walikuja kuwasindikiza na mfuko wa mandazi, na wale wanawake wawili walishikana mpaka dereva akapiga honi. Sidonie alikaa dirishani. Kalume alimshika mkono, naye akauacha ushikwe, lakini hadi wanapita mji wa Lyantonde alikuwa bado anapanga maneno ambayo angemwambia yule kijana kama angepata dakika kumi zaidi.

Huko walikofika hakuna aliyeiangalia karatasi, kama Sebagabo alivyosema. Wiki ya sita Sidonie alipewa kazi ya kufua mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee. Mwezi wa tatu, bibi mmoja wa chumba cha pili alikabwa na chakula, na Sidonie, aliyekuwa akipita na kikapu cha nguo, alimwinua akakitoa. Msimamizi alimuuliza amejifunzia wapi. Alijibu kwa Kiingereza chake cha miezi mitatu, akamwandikia na jina la mji wa Uvira. Akaambiwa kuna kozi ya wasaidizi wa wauguzi, aanze mwanzo, pamoja na wasichana wa miaka kumi na minane.

Katikati ya 2015 alimpigia Jalia simu na kumweleza hayo yote.

"Utaenda kusoma?" Jalia aliuliza.

"Nimeshaanza. Wiki ya pili sasa. Banatufundisha kupima joto la mugonjwa."

"Na hasira?"

"Niko nayo," Sidonie alisema. "Asubuhi ninaamka nayo, ninaenda nayo darasani. Mwalimu ananiuliza mbona ninaandika mingi hivi."

Akasema darasa linakaribia kuanza na bado hajavaa koti, kwa hiyo anakata simu, atapiga tena Jumapili.