Maharusi wa Mlango wa Pili

"Bibi harusi wetu hana miguu," Redio alisema pale bombani, ndoo yake ikijaa. Redio ni mpangaji wa chumba cha mwisho. Jina alipewa kwa kuwa hazimwi. "Mmewahi kumwona dukani? Akianika nguo? Nasikia ana kifafa, ndiyo maana kwao walimwoza haraka haraka."

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema, "Ninyi nanyi! Maharusi hao, waacheni na fungate yao."

Ndivyo ilivyokuwa pale uani. Tangu wale wawili wahamie mlango wa pili, neno hilo, maharusi, lilikuwa blanketi la kufunika kila kitu. Sahani zikivunjika, maharusi wanataniana. Muziki ukipandishwa ghafla, maharusi wana mambo yao. Mume, fundi wa kuchomelea, alipojaza nondo dirishani kwa mikono yake, watu walimsifu: huyo ndiye mwanamume, anailinda lulu yake.

Mama Bebi, aliyepanga nao ukuta kwa ukuta, hakucheka. Kila alfajiri akinyonyesha alisikia viatu vya fundi vikitoka, kisha kufuli: kachu! Kwa nje. Alipomwambia mumewe, alijibiwa, "Wagombanao ndio wapatanao, mke wangu. Utakuja kuumbuka bure."

Asubuhi moja alikuwa akianika nepi, mtoto mgongoni, alipoona moshi ukitoka kati ya zile nondo.

"Moshi! Jamani, moshi!"

"Anaunguza wali huyo," Redio alisema, ungo mapajani. "Ndiyo kwanza anajifunza kumpikia mume!"

Kicheko kikapita uani. Lakini Mama Bebi alisikia kikohozi, na sufuria ikigongwa kwenye chuma, ko, ko, ko. Alikimbilia mlangoni akalivuta kufuli kwa mikono miwili. Wapi! Akazunguka dirishani. Bibi harusi alikuwa amebana uso kwenye nondo, macho mekundu, na nyuma yake moto wa jiko la mafuta ulikuwa umeshika pazia la kugawa chumba.

Ndoo haikupita kati ya nondo. Ikabidi achote kwa kopo, kopo baada ya kopo, maji mengine yakimmwagikia miguuni, Bebi akilia mgongoni kama anayejua. Akapitisha na nepi mbichi zote. Bibi harusi alizipokea, akapiga nazo moto hadi pazia likawa majivu.

Redio alikuwa amesimama, mchele umemwagika.

Bibi harusi alitazama kwanza getini, ndipo akamtazama Mama Bebi. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu aliyesahau kuitumia.

"Asijue kwamba ulikuja, dada."

"Ufunguo uko wapi?"

"Anatembea nao."

"Na kwenu? Wanajua?"

"Niliwaambia. Wakasema ndivyo maharusi walivyo, nitazoea."

Mama Bebi alishika zile nondo. Zilikuwa na joto bado. Vidole vyeusi vya masizi vikatoka ndani vikashika vyake.

"Dada, nakuomba. Siku nyingine ukisikia nagonga sufuria, watakwambia ni maharusi tu. Usiwasikilize. Njoo, na uje na nyundo."