Chanuo la Bwana Dirisha

Ukitaka kumkasirisha yule fundi cherehani, mwambie mumewe alikufa kwa sababu siku zake zilikuwa zimefika. Atatoa pini mdomoni, atakutazama, atakuuliza, "Zilifika, au zilifikishwa?" Halafu atarudi kwenye cherehani yake na kuikanyaga mpaka meza itikisike. Watu wamejifunza kunyamaza. Na haki anayo, jamani, maana mtu aliyevunjika mguu tu, tena anayecheka, hafi hivi hivi.

Mumewe alikuwa mpaka rangi, mtu wa ngazi na ndoo, mwenye maneno mengi na vituko visivyoisha. Nywele zake zilikuwa kichaka, na kila jioni zilirudi na matone ya rangi za nyumba za watu. Fundi alimgombeza kwa hilo tangu uchumba. "Hivi wewe chanuo hulijui?" Na yeye jibu lake lilikuwa lile lile: "Chanuo la nini, Fundi wangu? Si nimeshaoa?" Basi wanacheka, mke anambandua rangi kichwani kwa kucha huku anamsema taratibu. Ndoa yao ilikuwa hiyo, na iliwatosha.

Siku ngazi ilipoteleza, paja likavunjika. Akalazwa wodi ya wanaume, ghorofani, kusubiri upasuaji. Wagonjwa walikuwa wengi na wauguzi wachache, lakini wodi ilichangamka, na aliyeichangamsha ni sista mkuu, mama mnene mwenye kicheko cha kusikika mpaka kwenye ngazi. Sista huyu hakumwita mgonjwa kwa jina lake hata siku moja. Kila mtu alimbatiza upya. Aliyekoroma alikuwa Jenereta. Aliyechagua chakula alikuwa Balozi. Mzee mmoja mwenye ugonjwa wa sukari, ambaye kitanda chake kilikuwa dirishani, alikuwa Bwana Dirisha. Mpaka rangi akaitwa Ngazi, akajisifia jina hilo utadhani kapewa cheo.

Wagonjwa walicheka, na mtu akicheka maumivu anayasahau kidogo. Wauguzi nao wakazoea. Hata wakikabidhiana zamu walisema Jenereta asafishwe kidonda, Balozi apimwe presha. Nani angeona ubaya? Ulikuwa upendo mtupu.

Fundi alifika kila mchana na chakula cha mgonjwa wake, chini ya mwavuli wake mwekundu. Siku moja akashtuka. "Wewe! Mbona huku umependeza kuliko nyumbani? Hata nywele zimelala!"

"Huduma za hapa usipime, mke wangu. Wanatuchana."

"Sista ndiye anakuchana?"

"Haya, wivu huo umeanza!" Wodi nzima ikaangua kicheko, na Balozi akacheka mpaka akapaliwa.

Jambo moja tu lilimkera Fundi. Kitanda cha mumewe kilikuwa kwenye kona, kimebanwa na kabati, hakina mwanga wala hewa. Kwa hiyo aliposikia yule mzee wa sukari ameomba kusogezwa karibu na choo, alimfuata sista mkuu akamshika mkono. "Dada, nakuomba, kile cha dirishani mpe mume wangu. Avute hewa kidogo." Sista akamwambia usijali, limekwisha hilo. Jioni ile ile watu wakahamishwa vitanda, na Fundi akaenda nyumbani ameridhika.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya upasuaji. Fundi alikuja mikono mitupu, kwani mgonjwa alikuwa amekatazwa kula na kunywa tangu usiku. Alipoingia getini alitazama juu, kwenye lile dirisha. Hakuona mtu. Akajisemea, amelala huyu, mvivu mkubwa. Alipofika wodini alikuta kitanda kimezungushiwa pazia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anacheka.

"Moyo ulisimama," daktari alimwambia. "Hutokea."

Hutokea! Mtu aliyemaliza sahani jana akalamba na kijiko! Fundi aliuliza, akauliza tena, akaambiwa akae, anywe maji, amwachie Mungu. Kisha akapewa mfuko wa vitu vya marehemu: shati, kandambili, redio ndogo, na chanuo jeusi la plastiki. Lile chanuo ndilo lililompandisha wazimu. "Mume wangu hajawahi kuwa na chanuo maisha yake yote! Hata vitu vya watu mmeshindwa kuvitenganisha?" Alipofika nyumbani alilifunga kwenye gazeti bila hata kulitazama vizuri, akalitupa juu ya kabati kama kitu cha najisi.

Baada ya maziko, mkono wake ulipotea. Alishona sketi, mshono ukaenda upande. Akafumua, akashona, ukaenda upande tena. Majirani walidhani ni majonzi tu, lakini palikuwa na kitu kingine kinachomla ndani, na hakumwambia mtu. Ni yeye aliyeomba kile kitanda. Mume wake alilala kwenye kona salama siku zote, akahamishwa mara moja, akafa. Labda ilikuwa baridi ya dirishani. Labda walimtikisa vibaya walipomhamisha. Alitaka kujua kilichomuua mumewe, na aliogopa kukijua, maana huenda kilichomuua ni ulimi wake mwenyewe.

Mwishowe alipiga moyo konde, akachukua lile chanuo kwenye gazeti lake kwenda kulirudisha. Angalau awe na sababu ya kuingia. Sista mkuu alipomwona mlangoni mwa wodi, hakucheka. Alimshika mkono, akamwingiza kwenye chumba cha mashuka, akafunga mlango.

"Wakubwa wamesema tusikwambie," akasema. "Mimi nakwambia. Mumeo hakufa kwa ugonjwa wa moyo, mama. Tulimpa sindano isiyo yake."

Ilikuwa sindano ya yule mzee, ya kushusha sukari. Asubuhi ile muuguzi aliyetoka zamu alimwambia aliyeingia kwamba Bwana Dirisha apigwe sindano yake. Aliyeingia alikuwa ametoka likizo, hakujua kwamba watu wamehamishwa. "Akaenda dirishani, akauliza, wewe ndiye Bwana Dirisha? Na mumeo unamjua. Akasema, ndiye mimi, mwenye dirisha langu! Akatoa mkono huku anacheka. Mtu hajala tangu usiku, unamshusha sukari. Akapotea taratibu. Sisi tukidhani amepumzika, anasubiri upasuaji."

"Kwa hiyo alijiponza kwa mdomo wake?"

"Usiseme hivyo! Sisi ndio tuliomzoesha kuitikia jina lisilo lake. Mimi ndiye niliyeanza." Sista alikuwa analia sasa, kamasi zinamtoka, hajali. "Nimeyapiga marufuku majina yale. Sasa hatumuulizi mtu wewe ndiye fulani. Tunamuuliza, jina lako nani, alitaje lote mwenyewe, kisha tunatazama kitambaa alichofungwa mkononi. Ndipo apewe dawa. Na haya yote nimewaandikia wakubwa. Wakinifukuza, wanifukuze."

Juu ya meza palikuwa na vipande vya shuka kuukuu vilivyoandikwa majina kwa kalamu. Vingine vilishachanika, na wino ulikuwa umesambaa. Fundi alikuwa ameshika kimojawapo bila kujijua, anakisugua ukingo kwa kidole gumba kama afanyavyo dukani. Ndipo neno lile likamtoka.

"Dada, kile kitanda nilikuomba mimi."

Akakirudisha kile kitambaa mezani.

"Ningefunga mdomo wangu, angekuwa kwenye kona yake. Angeitwa Ngazi. Mpaka leo angekuwa anaitwa Ngazi."

Sista alijifuta uso kwa shuka. Macho yake yakaangukia lile gazeti. "Umeshika nini hapo?"

"Chanuo la watu. Mlinipa kimakosa."

Sista alilipokea, akalifungua, akajishika mdomo. "Uwiii. Mama, hili ni lake."

"Hakuwa na chanuo."

"Alimtuma mfagizi akamnunulia. Pale kwenye kona alikuwa haoni geti, basi alimwambia yule mzee, ukiona mwavuli mwekundu unishtue. Kila mchana mzee anapiga kelele, Mwavuli! Mwavuli huo! Na mumeo anachana mbio mbio, analisukuma chini ya mto, anajilaza kama mtu ambaye hajajigusa tangu asubuhi. Wodi nzima tulikuwa tunabana kicheko ukiingia. Na kila siku ananing'ang'ania: sista, mzee akihama, dirisha ni langu, nataka nimwone mwenyewe. Nilikuwa nimeshamwahidi, mama. Nimemwahidi kabla wewe hujaniomba."

Fundi alilichukua chanuo, na kwa mara ya kwanza akalitazama. Katikati ya meno palikuwa na unywele mmoja, na kwenye unywele ule tone dogo la rangi nyeupe, limekauka. Aliketi juu ya furushi la mashuka akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata kaburini, na sista akaketi naye chini.

Leo vitambaa vya mkononi vya wodi ile anavishona yeye. Ni kitambaa kigumu, mshono mara mbili, na jina la mtu linatariziwa kwa uzi mweusi lisifutike hata likilowa. Wodi nyingine nazo zimeanza kuagiza. Sista hakufukuzwa, ingawa kicheko chake hakijarudi. Mishono ya Fundi imenyooka tena, na chanuo liko kwenye droo ya cherehani, na tone lake la rangi.

Furushi likijaa, analipeleka mwenyewe, mchana, saa ya kuona wagonjwa. Mwavuli ni ule ule mwekundu. Ila akikaribia getini anaufunga kwanza, hata kama mvua inanyesha, ndipo aingie.